Mtoto wa Mbwa Katika Nyumba ya Mahindi

Mtoto wa mbwa anayeletwa Mwazye mwezi wa Julai huikuta nyumba imejaa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mahindi yameshavunwa. Mengine bado yanaanikwa uani juu ya turubai, mengine yamepukuchuliwa na kutiwa kwenye viroba, na magunzi yamerundikwa kando ya jiko yakingoja kuwa kuni. Dawa ya kuhifadhia nafaka imenunuliwa kwenye duka la pembejeo, na sumu ya panya imenunuliwa siku hiyohiyo. Katikati ya shughuli hiyo yote anawekwa kiumbe wa wiki nane asiye na mikono, ambaye kila anachotaka kukijua lazima kwanza akitie mdomoni.

Vitabu vingi vya kulea mbwa vimeandikwa kwa ajili ya nyumba nyingine kabisa: nyumba za mazulia, nyaya za umeme zilizotandazwa sakafuni na chokoleti mezani. Mwenye nyumba wa kata ya Mwazye, wilayani Kalambo, akivisoma atadhani nyumba yake ni salama kwa sababu havina mengi ya kumwambia. Mhadhara huu unahusu nyumba yake yeye, nyumba ya mkulima wa uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya bonde la Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, yenye sakafu ya udongo au saruji, jiko la nje na ghala la mahindi. Hatari za nyumba hii ziko ghalani na jikoni, na karibu zote humhusu pia mtoto wa binadamu anayetambaa. Wote wawili huishi chini ya kimo cha goti la mtu mzima, huokota kilichodondoka, na hulamba kilichowagusa. Kwa hiyo kazi ya kuiandaa nyumba kwa ajili ya mtoto wa mbwa ni kazi ya familia nzima, na inapaswa kumalizika kabla mnyama hajafika.

Kuhusu kufika kwake, haraka haisaidii. Mtoto wa mbwa hufumbua macho akiwa na wiki mbili hivi, na wako wanaomchukua muda mfupi baada ya hapo. Huyo bado ni mtoto wa kunyonya. Wiki nane ndio umri unaofaa: ameshaachishwa ziwa, na ameshafundishwa na mama na ndugu zake kwamba ukimwuma mwenzio kwa nguvu mchezo unakwisha. Anayetolewa mapema mno hukosa somo hilo, na watoto wa nyumba mpya ndio wanaolilipia kwa vidole vyao.

Mwenye nyumba na aanzie ghalani. Dawa za unga zinazochanganywa na mahindi nyingi zina kemikali za jamii ya oganofosfeti, ambazo huua wadudu kwa kuvuruga mawasiliano kati ya neva na misuli. Mbwa ana neva na misuli vilevile. Siku ya kuchanganya dawa, unga hubaki sakafuni kwenye nyufa, kwenye koleo, kwenye turubai na kwenye mfuko uliotupwa kona. Mtoto wa mbwa hupita hapo, hulala hapo, kisha huketi na kujilamba miguu. Dalili huja upesi: udenda unaotiririka, kuharisha, kutetemeka, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi kuwa nzito. Kinga yake haigharimu kitu. Dawa ichanganyiwe mbali na nyumba, turubai lifuliwe, mahali paoshwe kwa maji, pasifagiwe kwa ufagio mkavu, na mfuko mtupu usigeuzwe kamwe kuwa tandiko la mbwa wala chombo cha kuwekea pumba.

Sumu ya panya ina hila zaidi, kwa kuwa zinazotumika sana ziko za aina mbili na kila moja huua kwa njia yake. Ile ya rangi ya kijivu iliyoiva, yenye harufu inayokaribia ya vitunguu saumu, mara nyingi ni fosfidi ya zinki. Ikifika tumboni na kukutana na asidi, hutoa gesi ya fosfini, na mnyama huweza kufa ndani ya saa chache. Hapa ndipo desturi ya kumpa maziwa mnyama aliyekula sumu inapodhuru, kwa sababu chakula chochote huliamsha tumbo lizidi kutoa asidi. Aina ya pili huzuia damu isigande. Mbwa akiila leo, kesho anacheza, keshokutwa anacheza, na siku ya nne au ya tano fizi zinapauka, damu inatoka puani au kwenye choo. Hii ya pili ina tiba nzuri, vitamini K1, lakini tiba hiyo humfaa mnyama ambaye mwenye kumfuga alisema mapema kwamba sumu imetegwa na ni ya aina gani. Kwa hiyo karatasi ya sumu isitupwe. Na panya aliyekufa aokotwe asubuhi na mapema azikwe, maana mtoto wa mbwa humla panya huyo pamoja na sumu iliyomo tumboni mwake.

Gesi hiyohiyo ya fosfini hutolewa na vidonge vya kufukizia nafaka. Vidonge hivi havina nafasi katika nyumba inayolaliwa na mtu au mnyama, hata kama gunia limefungwa vizuri. Familia inayotaka kuepukana na dawa za unga na vidonge kwa pamoja ina njia bora: mifuko isiyopitisha hewa, ambayo Watanzania wengi huiita mifuko ya kinga njaa. Ndani yake mna tabaka za plastiki. Wadudu waliofungiwa humo humaliza hewa na kukoma, pasipo dawa yoyote. Ila mfuko huo ukitobolewa hata tundu dogo kazi yake imeharibika, na mtoto wa mbwa wa miezi minne, meno ya utoto yakiwa yanang'oka na fizi zikimwasha, hutafuna chochote kilicho mbele yake. Viroba na vikae juu ya chaga, mlango wa ghala ufungwe, na mbwa apewe kitu chake cha kutafuna, kama kipande cha kamba nene ya katani au mfupa mkubwa mbichi usiovunjika vipande.

Nyuzi za viroba nazo zinastahili kutazamwa kwa makini. Kiroba kikuukuu kikikatwa, pembeni hutoka nyuzi bapa za plastiki, nyeupe, ndefu kama mkono. Mtoto wa mbwa akianza kuumeza uzi mmoja hawezi kuutema, na kila akimeza ndivyo unavyozidi kuingia. Ncha moja hukwama, nyingine huendelea na safari, na utumbo hujikunja juu ya uzi hadi unakatika. Watu wengi humtandikia mbwa kiroba kwa nia njema kabisa. Gunia la katani lililojazwa majani makavu ni bora.

Gunzi halina sumu, na kwa hiyo hakuna anayeliogopa. Lakini kipande cha gunzi kikimezwa hakimeng'enywi. Hukaa tumboni, hufyonza maji, hushuka mpaka mahali utumbo unapokuwa mwembamba na hukwama hapo kama kizibo. Mnyama hutapika, hukataa kula, tumbo huwa gumu, na bila upasuaji hupona kwa nadra sana. Daktari wa upasuaji wa wanyama hapatikani kirahisi Kalambo. Rundo la magunzi, basi, liwekwe juu au lizungushiwe uzio wa matete, na mahindi ya kuchoma yaliyokwisha kuliwa yasitupwe uani. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo izikwe, kwa kuwa huvunjika na kuwa na ncha kali.

Sasa yako mahindi yenyewe, na hapa mhadhara huu unaomba kusikilizwa kwa utulivu zaidi.

Mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu, au yaliyonyeshewa uani, huota kuvu. Baadhi ya kuvu hao, hasa wa rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, hutengeneza sumukuvu inayoharibu ini. Kupika hakuiondoi. Akina mama huzichambua punje hizo, na uchambuzi huo ni kazi ya maana sana. Swali ni punje mbovu zinakokwenda baadaye. Katika nyumba nyingi za wakulima wa Afrika Mashariki huwa hazitupwi. Husagwa na kupikiwa mbwa.

Katika wanyama wote wanaofugwa nyumbani, mbwa ni miongoni mwa wanaoumizwa upesi na sumukuvu, na historia yake imeandikwa kwa vifo vya mbwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kusini-mashariki mwa Marekani, mbwa walikufa kwa ugonjwa wa ini usiojulikana chanzo chake. Mwaka 1960 batamzinga wapatao 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumukuvu. Baadaye ikaeleweka kwamba mbwa wa Marekani nao waliuawa na sumu hiyohiyo. Mwaka 1974, katika vijiji vya Rajasthan na Gujarat nchini India, mbwa walivimba tumbo na macho yakawa ya njano, kisha watu waliokula mahindi yaleyale wakapata maradhi yaleyale, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Hata chakula cha mbwa cha viwandani hakijasalimika: mwaka 2005, na tena mwishoni mwa mwaka 2020, zaidi ya mbwa 100 walikufa Marekani kwa kula chakula kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu.

Kwetu Afrika Mashariki pia watu wamekufa. Machakos, Kenya, mwaka 1981, wagonjwa 20 walilazwa na 12 wakafariki. Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, mwaka 2004, waliougua walikuwa 317 na waliofariki 125. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara, hapa hapa Tanzania, ambako watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Mtoto wa mbwa ambaye ghafla anakataa kula, fizi zake zikawa za njano na mkojo ukawa mweusi, anastahili kutibiwa. Lakini zaidi ya hapo, mama wa nyumba na aende palepale kwenye gunia alimotoa unga, alifungue, alinuse na kulikagua hadi chini, kabla hajasonga ugali wa jioni.

Punje zenye kuvu zizikwe. Hazimfai kuku, kwa kuwa sumu huingia katika mayai, wala ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa huingia katika maziwa.

Mtoto huyo ale nini, basi? Ugali mtupu hautoshi. Mtoto wa mbwa anajenga mifupa na misuli kwa kasi kubwa, na akilelewa kwa wanga tu hupata matege, miguu ya mbele ikapinda nje. Mwazye ina bahati ya kuwa karibu na ziwa. Dagaa wa Tanganyika wanaofika sokoni kutoka Kasanga ni chakula bora kwake, kwa sababu huliwa na mifupa yao na hivyo humpa protini na chokaa kwa pamoja. Waliotiwa chumvi walowekwe kwanza, maji yamwagwe, ndipo wapikwe pamoja na unga. Apewe kidogo kidogo, mara nne kwa siku mpaka afike miezi mitatu, kisha mara tatu. Vitunguu visitiwe, kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Machicha ya pombe ya kienyeji yafunikwe au yazikwe mbali, kwa kuwa kiasi ambacho mtu mzima hakitambui kinaweza kumlaza mtoto wa mbwa wa kilo tatu asiamke.

Baridi ya Ufipa nayo haina huruma. Usiku wa Juni na Julai, upepo ukivuma juu ya nyika zisizo na miti mingi, mtoto wa mbwa huvutwa na majivu ya moto. Majivu hayo huonekana yamezimika juu huku chini mna makaa, na yakipata unyevu huchubua ngozi ya nyayo. Mafiga yazungushiwe mawe au matofali. Wengine humhurumia wakamwingiza chumbani pamoja na jiko la mkaa, wakafunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu inayowaua watu na wanyama usingizini. Kinachotakiwa ni kisanduku kidogo kilichoinuliwa kidogo kutoka chini, mlango ukiupa upepo kisogo, na nyasi kavu zinazobadilishwa kila wiki. Udogo wa kisanduku ndio unaomtia joto, kwa kuwa mwili wake hauwezi kupasha nafasi kubwa.

Mambo mengine ni ya kupita kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo bali kwa kuwa kila mtu anayaelewa akishaambiwa. Choo cha shimo kiwe na mfuniko na mlango, na kisima kiwe na ukingo. Kamba ya shingoni ilegezwe kila wiki, vidole viwili vipite chini yake, kwa maana shingo ya mtoto wa mbwa hunenepa na kamba haikui. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kamba iliyozama nyamani ni mateso ingawa aliyeifunga hakukusudia. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimwagwe juu ya mtoto wa mbwa kwa kukisia, hata akijaa kupe na viroboto. Kipimo cha ng'ombe wa kilo 300 hakigawanyiki kwa macho. Na mbwa anayepelekwa kuwinda bondeni, penye mbung'o, anaweza kurudi na ugonjwa wa nagana. Mara nyingi dalili yake ya kwanza kuonekana ni jicho lililofunikwa na ukungu wa rangi ya samawati.

Funza wanahitaji neno moja zaidi. Mdudu huyu alivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini hadi Angola mwaka 1872 na kuenea bara zima, na vumbi la sakafu kavu ndilo shamba lake. Mbwa hubeba funza katikati ya vidole, mayai huanguka mahali anapolala, na watoto wa nyumba hupata funza wao hapohapo. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji na kukandikwa, na nyayo za mbwa zikaguliwe kwa zamu na miguu ya watoto. Minyoo inafuata njia iyo hiyo. Dawa ya minyoo kwa mtoto wa mbwa huanza akiwa na wiki mbili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi afikishe nane, kwa kuwa wengi huzaliwa nayo tayari.

Kabla ya kumleta mbwa mpya, mwenye nyumba na ajiulize pia kama wa kwanza alikufa kwa kuharisha damu. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Saruji husafishwa kwa dawa ya klorini, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji; udongo hausafishiki hivyo, na ni vyema mgeni afugwe upande mwingine wa ua na apate chanjo kwanza. Chanjo ya parvo na ya distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, huanza wiki ya sita hadi ya nane, ikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Distempa si jambo la mbwa peke yao: mwaka 1994 iliangamiza karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haionekani sakafuni. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wasiofikia miaka 15. Dalili zikishatokea, hakuna dawa. Kabla hazijatokea ipo, tangu Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa, tarehe 6 Julai 1885. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, ndipo aende kituo cha afya siku ileile. Wengi hupuuza jeraha lililotokana na mtoto wa mbwa wa nyumbani, wakisema ni mdogo na wanamjua. Mtoto wa mbwa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa huambukiza kama mkubwa.

Tanzania imefanya kazi kubwa katika jambo hili, na inafaa isimuliwe Ufipa. Tangu mwaka 2010 wilaya 28, za kusini-mashariki ya nchi pamoja na kisiwa cha Pemba, zilifanya kampeni za kuchanja mbwa kwa wingi. Pemba ilikitokomeza kichaa mwaka 2014. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi kisiwani, na kufikia mwaka 2018 ulikuwa umezimwa tena kwa chanjo. Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake waliufuatilia mlolongo huo, mbwa kwa mbwa. Kikwazo cha vijijini siku zote kilidaiwa kuwa jokofu. Mwaka 2016 Felix Lankester na wenzake walionyesha kwamba chanjo moja ya kichaa inayotumika sana hubaki na nguvu zake hata ikikaa miezi sita kwenye nyuzi joto 25, au miezi mitatu kwenye 30. Ahmed Lugelo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo akaongoza utengenezaji wa chombo cha kuihifadhi chanjo hiyo vijijini bila umeme, kinachopozwa na maji yanayovukiza kwenye udongo wa mfinyanzi. Hewa ya Ufipa ni baridi kuliko ya nchi nyingi za chini. Kama chanjo inaweza kukaa kijijini kwingine bila umeme, inaweza kukaa Mwazye.

Wataalamu hulenga kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Kiwango hicho hakishuki kwa sababu dawa imeisha nguvu tu. Kinashushwa zaidi na uzazi. Kampeni ikipita Septemba, wanaozaliwa Oktoba hawamo, na mbwa wa vijijini hawaishi miaka mingi, kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja sura za uani huwa zimebadilika. Tena wachanjaji wengi walizoea kuwarudisha nyumbani watoto wa mbwa wasiofikisha miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linashauri wasirudishwe: katika kampeni ya kijiji achanjwe kila mbwa anayeletwa, hata yule anayebebwa kikapuni.

Kwa hiyo familia ya Mwazye inayoleta mtoto wa mbwa mwaka huu impelekee afisa mifugo wa kata taarifa wiki ileile, ikitaja umri wake, ili ahesabiwe. Na serikali ya kijiji iombwe kuweka siku ya chanjo mara mbili kwa mwaka badala ya moja, ya kwanza baada ya mavuno, ya pili kabla mvua hazijaharibu barabara ya kwenda mjini Matai, ikitangazwa kanisani, msikitini na shuleni, kwa kuwa wanaomleta mbwa kwenye chanjo, wakimburura kwa kamba au kumbeba kifuani, mara nyingi ni watoto wa shule.